Mkoba Wenye Harufu ya Iliki

Shamsia hununua mikoba ya ngozi iliyochakaa, kisha huisafisha, huipaka mafuta na kuishona upya katika kibanda chake sokoni Korogwe. Mwaka jana Mehnaz, mwenye duka la vitambaa, alimuuzia mkoba wa kahawia wa marehemu mama yake. Ulinukia iliki. Shamsia alibadilisha bitana, akauanika juani wiki nzima, lakini harufu haikutoka.

Mteja wa kwanza, mwanamke wa Magoma, aliurudisha baada ya siku tatu.

"Dada, mkoba huu una mwenyewe," alisema, wala hakutaka kuketi.

Shamsia akaupeleka dukani kwa Mehnaz. Mehnaz aliufungua, akainusa ile bitana mpya, machozi yakamtoka.

"Basi uchukue, dada yangu," Shamsia alimwambia.

"Nyumbani siwezi. Nikiuona mezani, nadhani mama yuko chumbani anavaa, atatoka sasa hivi. Lakini usiuuze tena."

Sasa mkoba umetundikwa kibandani. Kila Ijumaa Mehnaz huja akaupakata, kisha akaenda zake. Na Shamsia, akifungua mlango asubuhi, hujikuta ameshasema "shikamoo" kabla ya kuingia.