Saba Yenye Pengo

Jirani yangu wa hapa Perry Barr, Uingereza, Kalasinga wa Nakuru kama anavyojiita mwenyewe, fundi wa vyuma aliyestaafu, huniita Profesa. Sijawahi kuwa profesa. Nina digrii mbili na siwezi kubadilisha tairi la gari, na nadhani hicho ndicho anachomaanisha. Jumamosi moja alasiri alinipigia simu akaniambia nije nimwandikie barua.

Barua ilihusu bunduki. Mjane mmoja wa Northfield alikuwa amemletea bunduki ya zamani ya mdunguaji, mali ya marehemu mumewe, aikague kabla hajaiuza kwa watu wanaokusanya vitu hivyo. Mtutu ulikuwa umezibwa kisheria na cheti kipo. Haikuweza tena kuua hata panzi. Lakini za bandia ni nyingi. Mtu huchukua bunduki ya kawaida ya jeshi, akaifunga darubini, akaipandisha cheo. Na aliyemuuzia yule marehemu alidai kwamba hii ilitumika Kenya wakati wa Hali ya Hatari, ile ya mkoloni ya miaka ya hamsini.

Niliposikia hivyo nikaanza kuomba iwe ya bandia. Babu yangu aliuawa miaka hiyo akivuka shamba lake la viazi, amevaa shati jeupe, kwa risasi moja kutoka ng'ambo ya bonde. Nyanya alisema mlio ulifika wakati babu ameshaanza kuanguka. Aliyepiga hakuonekana, si siku ile wala baadaye. Nimeandika insha tatu kuhusu shati hilo, ingawa maishani mwangu sikuwa nimewahi kugusa bunduki. Jirani yangu anaijua hadithi hiyo vizuri. Huwa naisimulia hata nisipoombwa.

"Ishike kwa mikono miwili, Profesa," alisema. "Hiyo si kalamu."

Ilikuwa imelazwa kwenye meza ya jikoni, juu ya gazeti, kando ya bakuli la machungwa. Juu ya kitako kulikuwa na kipande cha mbao kilichoongezwa ili mpigaji aegemeze shavu. Kilikuwa kimeng'aa kwa kuegemewa. Nilikigusa kwa kidole, kisha nikajikuta ninakipangusa kidole hicho kwenye suruali.

Mzee alinieleza kwamba kila darubini ililinganishwa na bunduki moja tu, na namba ya darubini ikagongwa kwenye shingo ya kitako cha bunduki. Waghushi hupanga namba zikanyooka kama askari gwarideni. Fundi wa kweli aligonga tarakimu moja moja kwa nyundo, kwa hiyo zinayumba. Hapa namba zilikuwa mbili: ya kwanza imekatwa kwa mstari, maana darubini yake iliharibika, na ya pili ya darubini iliyofungwa badala yake. Hiyo ya pili alikuwa ameitazama tangu asubuhi. Chai yake ilikuwa imefanya utando juu.

Akaenda gereji akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vyuma vya kugongea namba, vya baba yake, ambavyo mzee mwenyewe alivileta Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya jeshi Nairobi. Nililijua hilo kwa miaka mingi, kama mtu anavyojua kwamba baba wa mwenzake alikuwa mshonaji.

Alichagua chuma cha saba, akakiweka kwenye pembe ya kibao cha kusukumia chapati, akagonga mara moja. Mkewe alifoka kutoka sebuleni. Chuma kilikuwa kimemeguka tangu zamani, na saba iliyobaki kwenye mbao ilikuwa na pengo juu, kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele. Kwenye namba ile ya pili kitakoni kulikuwa na saba mbili. Zote zilikuwa na pengo.

"Ni halisi," alisema. "Na ilipita Nairobi."

Halafu akaniuliza kutoka shamba la babu hadi ng'ambo ya lile bonde palikuwa na umbali gani. Nilimwambia kwamba kwenye insha niliandika yadi mia nne, lakini nilijibunia. Hakuna aliyewahi kupima.

"Zilikuwa nyingi, Mzee," nikasema. Sijui nilikuwa ninamtafutia yeye njia ya kutokea, au mimi mwenyewe.

"Bunduki, ndiyo."

"Na mafundi wa darubini?"

Alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye kibao.

"Mmoja."

Niliandika barua. Alitaka jina la baba yake liwemo, kwamba ndiye aliyegonga namba ya pili, nami nikaliandika kama alivyonitajia, herufi kwa herufi. Alitia sahihi kwa mkono uliotulia kuliko wangu. Jumatatu yake mjane alikuja akachukua bunduki na barua, akatuachia keki.

Kibao kile bado wanakitumia. Hunialika kula Jumapili kama zamani, na mkewe anapogeukia jiko mimi huigeuza chapati yangu, nikaitafuta ile saba upande wa chini kabla sijaimega. Mara nyingi huwa haina kitu.