Ndoo Iliyomwosha Baba

Dhiki yangu ilianza mwaka ule visima vilipokauka, nikiwa na miaka saba.

Juzi nilikuwa dukani nafungua boksi la kafuri ya kuoshea maiti, mjukuu wangu akaniambia kwamba kwa Kiingereza mtu akifa husemwa kapiga ndoo teke. Nikamuuliza asili yake.

"Babu, wengine wasema ni mtu wa kujinyonga, asimama juu ya ndoo. Wengine wasema ni boriti ya kutundikia nguruwe wa kuchinjwa, zamani nayo ikiitwa ndoo."

"Nguruwe dukani mwangu! Nyamaza!"

Akacheka. Mimi ile kafuri ilikuwa imeshanipanda puani.

Mwaka ule wa ukame baba alifariki, akaoshwa uani kwa ndoo yetu ya bati, kwa maji ya kafuri na majani ya mkunazi. Mtaani kwetu, aliyeosha maiti hupewa chombo alichooshea. Lakini ile ndoo tulikuwa nayo moja tu, na mama alikuwa akichotea watu maji ili tule. Mwosha aliponyoosha mkono aichukue, nikaikumbatia.

"Bi, mtoto wako hana adabu," akasema.

"Iwate, mwanangu, mpe. Ni haki yake," mama akaniambia.

"Na kesho tule nini?"

Mama mwenyewe akanibandua vidole. Kesho yake alichota maji kwa sufuria ya kupikia.

Sikusoma, lakini leo nina nyumba ya mawe, punda, duka la vyombo na ndoo mpya tele stoo. Maskini akifiwa, mimi humpelekea moja kabla mwosha hajafika.