Simu Iliyotolewa Langoni

Mimi nilikuwa nimetangaza. Tena si nyumbani peke yake. Nilitangaza kanisani, mbele ya kikundi cha akina mama, mkono kiunoni, kwamba mzazi anayempa mtoto simu kabla hajamaliza sekondari ni mzazi mvivu anayetafuta yaya wa bei nafuu. Akina mama wakapiga makofi. Wawili hawakupiga, na kwa kuwa nilijua sababu, niliendelea kuhubiri nikiwatazama hao hao.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, ameingia Gredi ya Saba, na kwa maelezo yake hakukuwa na mtu mwingine Kitengela nzima asiye na simu. Nilimwambia hata ng'ombe hawana.

"Ng'ombe wa siku hizi wako na namba kwa masikio," akanijibu. "Mimi sina hata hiyo."

Nina duka la chakula cha mifugo, na mtoto wa jirani alikuwa na mazoea ya kuja pale kununua chakula cha kuku na kunimwagia habari zote za mtaa, nani amepigana na nani, mbwa wa nani amezaa. Siku aliyopewa simu, habari zikaisha. Tangu hapo ananyoosha pesa, anapokea mfuko, anaondoka bila kuinua macho. Niliogopa kumpoteza wangu hivyo hivyo, nikiwa naye nyumba moja. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Hayo mengine ya macho kuharibika na alama kushuka niliyasema kwa sababu yanasikika vizuri.

Basi mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki, akapata mchumba Mmaasai kutoka Kisaju. Mahari ingeletwa kwangu. Sasa, kwetu Wakikuyu wageni wa mahari hawaingii hivi hivi. Wanawake hufunga lango, wageni huimba nje wakibembeleza, na walio ndani hutaja wanachotaka ndipo wafungue. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye sheria. Kinachotajwa langoni hutolewa, na mwenye nyumba hawezi kukipinga mbele ya wageni, maana siku hiyo lango lina mdomo mmoja tu.

Mdomo huo niliuchagua mimi. Nilisema binti yangu ndiye awe msemaji, kwa sababu ana ulimi, na nilitaka wakwe waone kwamba nyumba yangu haizai mabubu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wageni wakafika na shuka zao, wakaimba vizuri, wakaimba tena. Mbele yao alisimama baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo.

"Mnataka nini ndio mtufungulie?" akauliza.

"Leso za shangazi zangu," binti akasema.

"Tumekuja nazo."

"Kreti mbili za soda."

"Ziko kwa gari."

Nikaanza kutafuta ufunguo.

"Na smartphone."

Shangazi zake wakapiga vigelegele, wakidhani ni mpango wangu. Nilimkanyaga mtoto mguu. Akausogeza, bila hata kunitazama.

"Simu ya nani?" mzee akauliza.

"Ya lango."

"Lango linataka kumpigia nani?"

"Halipigi. Linapigiwa. Wageni wakikaribia, lijue."

Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo. Mimi nilikuwa bado na tumaini. Nilijua wakwe huahidi, na ahadi ya langoni inaweza kuzeeka polepole mpaka isahaulike. Lakini mzee akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa simu yake mwenyewe.

"Hii walininunulia vijana wangu," akasema. "Inanisumbua. Nikiigusa inaenda mahali sikutaka."

Akatoa laini, akaitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe aliyokuwa nayo mfuko wa pili, kisha akaipitisha simu juu ya lango mpaka mikononi mwa binti yangu. Nikafungua huku nikitabasamu kwa meno yote niliyonayo.

Wageni walipoondoka, mume wangu alishauri tuirudishe. Nikamwambia airudishe yeye, maana zawadi ya wakwe ukiirudisha umerudisha na maneno yao. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu ambaye ndoa yake iko mikononi mwa kichaa. Simu ikabaki. Jumapili iliyofuata, wale akina mama wawili walinikumbatia kwa upendo ambao sikuwahi kuuona kwao.

"Tumesikia," mmoja akaniambia. "Yaya ameanza kazi lini?"

Nikaweka sheria. Simu ingelala juu ya friji. Ingeshuka jioni baada ya kazi ya shule, kwa saa moja tu, na mezani isionekane. Nilizitangaza sheria hizo kwa sauti ya hakimu, na mtoto akazikubali haraka mno.

Nilichosahau ni mzee. Kumbe kabla ya kuondoka alikuwa amemweleza binti kwamba kwao mtu akikupa mnyama, hamwitani tena kwa majina. Mnaitana kwa kile mlichopeana. Waliopeana kondoo huitana Paker, maisha yao yote. "Mimi na wewe sasa ni Pasimu," alimwambia, na watu wa namna hiyo hawanyamaziani, lazima wapeane habari. Kwa hivyo baada ya harusi, mdogo wangu alipohamia kwa wakwe zake, mzee akawa anapiga kila jioni kwa simu ya mdogo wangu, tena kwa video, na mdogo wangu ndiye mshika simu.

Siku ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa ili aguswe, na binti, ambaye mama yake mdogo alikuwa amemfundisha, akainamisha kichwa mbele ya simu. Kule Kisaju mzee akanyoosha mkono akamgusa kwenye kioo. Simu ikakatika. Wakapigiana tena, akainama, akaguswa, ikakatika. Ikabidi mdogo wangu amwambie mzee aguse hewa.

Kisha zikaanza habari. Mimi nilidhani habari ni "nzuri, sijui zako." Za mzee huanzia mbali. Mvua kwanza, halafu nyasi, halafu wanyama mmoja mmoja, ndipo wafike kwa watu. Anayesikiliza hakatizi. Anasema tu "ee," na kungoja. Mtoto akaupenda mtindo huo, na jikoni kwangu kukahamia Kisaju. Mdogo wangu alinipigia dukani, wateja wamepanga foleni, kuniuliza kama ni kweli ugali wangu ulikuwa na madonge, na kwa nini shemeji amelala kwa kochi.

Hata hivyo nilikuwa nimeshinda, au ndivyo nilivyojiambia. Ile saa yake moja sehemu kubwa ilikuwa inaishia kwa ng'ombe. Nikipita sebuleni nilikuta kioo kimejaa matako ya fahali, na binti akisema yule mwenye doa amenona. Wenzake walikuwa wanatazama watu wakicheza dansi. Kanisani nikasimama tena, mkono ukarudi kiunoni, nikasema inategemea simu inatumiwaje. Nilipigiwa makofi. Wale wawili walikohoa.

Jioni moja mawingu yalitanda na binti akatoka kuanua nguo. Simu ikalia juu ya friji. Nikaichukua, nikaona paji la uso la mzee na kipande cha paa la mabati.

"Pasimu?"

"Ni mama yake, mzee. Ako nje anaanua nguo."

"Haya. Basi nipe wewe habari."

Kazi rahisi, nikawaza. Nani atanishinda kwa maneno? Nikampa mvua ambayo ilikuwa bado haijanyesha. Akasema ee. Nikampa kuku, na bei ya chakula chao, na kifaranga aliyezama kwa ndoo. Ee. Nikampa mume wangu, mzima, anarudi kitandani siku hizi. Ee.

"Na mtoto?"

"Ni mzima. Anasoma vizuri."

"Ee," mzee akasema, akangoja.

Nami nikangoja, nikidhani nimemaliza. Kwake, kusema mtu ni mzima ni kubisha hodi tu, bado hujaingia. Nikaanza kupekua kichwani. Nilijua alama zake za hisabati. Nilijua namba ya kiatu chake, na dakika alizochelewa kuirudisha simu juu ya friji juzi. Nikamwambia mzee alama za hisabati.

"Ee. Na yule rafiki yake, ameanza kukaa naye tena wakati wa chakula? Ama bado anakula peke yake?"

Nilifungua mdomo, huu mdomo ambao kanisa zima linaujua, na hakukuwa na kitu ndani. Rafiki gani? Anakula peke yake tangu lini? Nilimwonea wivu yule mzee, wivu mkali kama wa mke mwenza, na chini ya wivu huo nikaona aibu. Nje nilimsikia mtoto akiimba kidogo, akikimbizana na matone ya kwanza.

"Mzee," nikasema, "ngoja kidogo. Wacha nikamuulize."