Mzee Ralaivao na Visanduku Vinavyoongea

Kwa idhini ya wakubwa waliotangulia kuliona jua, na kwa radhi ya majirani wote waliojibanza nyuma ya kuta zao wakijifanya wanaanika nguo, inatangazwa rasmi kwa kilima kizima, pamoja na bata wake na mbwa wake wasio na mwenyewe, kwamba Mheshimiwa Mzee Ralaivao, mkaguzi mstaafu wa mita za maji, ameiruhusu Wi-Fi ipande ngazi za nyumba yake. Asiyeamini aje aone taa.

Ruhusa hiyo haikutoka kirahisi. Ralaivao alikuwa mtu wa kushuku kwa taaluma. Miaka yake yote ya kazi aliizunguka Antananarivo akipiga magoti mbele ya mita za watu, na kila mita ilimfundisha jambo lile lile: binadamu akiona kitu kinapita karibu na ukuta wake, atakitoboa. Alishawahi kumkamata mwinjilisti akivuta maji ya jirani kwa mpira wa bustani, tena Jumapili, tena muda mfupi baada ya mahubiri kuhusu wizi. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote mwenye ukuta. Hata Bakoly, mkewe, akimmiminia maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, kinywaji cha baada ya mlo, Ralaivao alichungulia kwanza ndani ya sufuria aone kilichobaki.

Sasa shida ilitoka kwa Volatiana, mke wa mwanawe. Volatiana alikuwa na kazi ya simu. Wafaransa ambao friji zao zimegoma hupiga, naye huwapoza. Kazini aliitwa Sophie na alikuwa anaishi Lyon, ingawa jioni alipanda kilima akiwa na fungu la mboga kama wenzake. Alipomzaa Kanto aliomba afanyie kazi nyumbani, na wakubwa wake wakakubali kwa sharti moja: Alhamisi laini ya nyumba itapimwa. Ikikatika, anarudi ofisini, upande wa pili wa mji, kwenye foleni ambayo mtu anaweza kuchumbiwa na kuachwa kabla haijasogea. Tovo, mumewe, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Toamasina, alishasema kabisa: likitokea hilo, mama na mtoto watapangishiwa chumba karibu na ofisi.

"Na Kanto je?" Ralaivao aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua.

"Kanto anafuata ziwa," Bakoly alimjibu. "Wewe unalo?"

Kesho yake Ralaivao alivaa kofia yake ya ukaguzi, ile ambayo kampuni ya maji ilisahau kumnyang'anya, akasema intaneti ya nyumba yake ataichagua mwenyewe.

Duka lilikuwa la Dimby, binamu yake Volatiana, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Ralaivao aingie kwa ubavu. Dimby aliwakaribisha yeye na Volatiana, akaomba radhi kwa udogo wa duka, kwa udogo wake yeye na kwa joto la siku hiyo, kisha akaweka juu ya meza mtambo mmoja mweusi wenye pembe nyingi kama kaa aliyepinduliwa.

"Huu ni mmoja, Baba, lakini una nguvu."

"Ukuta wangu una unene wa mkono mzima," Ralaivao alisema. "Tofali la kuchoma, babu yangu alisimamia. Waya wenu wa intaneti umeishia chini, kwenye chumba changu. Mkwe wangu huyu anakaa ghorofa ya kati, jiko liko juu. Huyu kaa wako atapita?"

Dimby alimtazama binamu yake. Volatiana akatikisa kichwa.

"Basi mnataka hivi." Dimby akatoa visanduku vyeupe, vidogo, vya duara, vimekaa kwenye boksi kama maandazi. "Hii wanaiita meshi, yaani wavu. Kimoja kinakaa kwenye waya, vingine mnavipanga juu. Vinapokezana. Ukipanda ngazi na simu yako, hiki kinakukabidhi kwa kile, wewe hata husikii. Vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe muda wote."

Ralaivao alivua kofia. "Vinazungumza nini?"

"Vinaulizana nani yuko wapi, Baba."

"Nani kaviuliza?"

"Ndiyo kazi yake."

"Nilikuwa na jirani mwenye kazi hiyo," Ralaivao alisema. "Tulimzika, na waliolia walikuwa wachache."

Volatiana alimshika mkono. "Baba, bila hivi mimi na Kanto tunahama."

Ralaivao alikigeuza kisanduku kimoja, akakinusa, akakitikisa karibu na sikio, akakikagua chini kutafuta tundu. Palikuwa na vitundu vingi mno, vyote vidogo, jambo ambalo aliliona ni dalili mbaya. Dimby alipendekeza viwili, akisema kwa nyumba kama ile vinaweza kutosha.

"Vitatu," Ralaivao alisema. "Viwili vitakula njama. Cha tatu kitavichongea."

Siku ya kuvifunga, Dimby alikuja na simu yake mkononi, akaomba radhi mlangoni, akaomba radhi tena kwenye ngazi. Cha kwanza kilikaa chini, chumbani kwa Ralaivao, kando ya kiti chake cha mkono mmoja ambacho hakuna aliyewahi kukikalia ila yeye. Programu kwenye simu ikauliza kama inaruhusiwa kujua mahali walipo.

"Kwa nini ijue nilipo?" Ralaivao alihoji. "Niko nyumbani. Nimezaliwa hapa. Iandikie hivyo."

"Hapa ni kukubali tu, Baba. Haina pa kuandika maelezo."

"Aa. Kumbe ni kama polisi."

Ikafika kuipa jina. Volatiana alitaka jina la Kanto. Ralaivao akakataa katakata kumtangaza mtoto hewani kwa majirani wenye kuta, akaamuru iitwe Hapa Hakuna Kitu. Dimby akaandika bila kubisha. Siku hiyohiyo simu zote za mtaa zilionyesha Hapa Hakuna Kitu, kwa mistari minne ya nguvu, na kilima kizima kikajua kwamba kwa Ralaivao kuna kitu.

Kisanduku cha juu kilikwenda jikoni, katikati ya moshi na masizi, bila ubishi. Balaa lilikuwa la kati. Dimby alizunguka ghorofa nzima akiwa amenyoosha simu kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Kusini, hakuna. Mlangoni, hakuna. Mwishowe akasimama kwenye kona ya kaskazini mashariki, pale ambapo tundu la ngazi linafungukia, na uso wake ukang'aa kisha ukazima papo hapo, maana naye ni mtoto wa huko na aliona amesimama wapi.

Ilikuwa kona ya wazee waliotangulia. Ukutani ilining'inia picha ya baba yake Ralaivao, midomo imebanwa kama mtu anayejua bei ya kitu na hasemi. Chini yake palikuwa na kimeza, na juu ya kimeza hapakuwa na kitu, kwa sababu hapakupaswa kuwa na kitu.

"Naomba radhi sana," Dimby alisema polepole. "Lakini ni hapa."

"Hapo ni pa kuongea na waliokufa," Ralaivao alisema. "Unataka kuniwekea huyu Mchina wako wa kisanduku katikati yetu asikilize?"

"Haisikilizi, Baba. Inapitisha tu."

"Hata yule mwinjilisti alisema mpira unapitisha tu."

Bakoly alikuwa anateremka kutoka jikoni na sinia la kisamvu. "Baba Tovo, marehemu baba yako alikuwa anakaa kona hiyohiyo na redio yake, anasikiliza matokeo ya ndondi. Leo amekuwa mtakatifu?"

"Redio haikuwa inajibu."

"Na mjukuu wako akihama utaongea na nani? Na hiyo kona?"

Hapo Ralaivao alisogea pembeni, akajifanya anakagua dari. Kisanduku kikawekwa juu ya kimeza, kikawaka taa ya buluu, na Volatiana akakimbilia chumbani kwake na kompyuta. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Laini ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi.

Nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa mmoja. Ralaivao alianza kuongea kwa kunong'ona kila alipopita kati ya kisanduku na kisanduku. Habari za shamba la mpunga alizihamishia uani. Alikaa kwenye kiti chake akiikodolea macho taa ya kile cha chini, akaona inapepesa pale Bakoly alipotaja dada yake, akahitimisha kwamba kina ubaguzi. Zaidi ya yote kilimsumbua kile cha konani. Kilikuwa kimekaa mbele ya baba yake na hakuna aliyemtambulisha. Mgeni anaingia nyumbani, anapewa nafasi ya heshima, na mwenye nyumba aliyeko ukutani haambiwi hata jina. Ikiwa Alhamisi laini itakatika, Ralaivao aliwaza, lawama itakuwa ya nani? Si ya Mchina. Marehemu hakuwahi kuvumilia kupuuzwa, hata alipokuwa na pumzi.

Asubuhi ya Alhamisi, Volatiana alipokuwa anamwogesha Kanto na Bakoly yuko juu anapika, Ralaivao alipanda ghorofa ya kati akiwa na chupa ya ramu, mpya, haijafunguliwa. Alivua kofia. Akaomba radhi kwa baba yake kwa kuchelewa, akaeleza kwamba kuna kisanduku, kwamba kinaongea lakini hakina nia mbaya, au kama kinayo bado haijathibitika, na kwamba mtoto Kanto asipokuwa na kisanduku hiki ataondoka kwenye nyumba hii. Akakohoa. Akafungua chupa.

Sasa, tone la kwanza la chupa mpya ni la wazee, na linarushwa kwenye kona yao. Ralaivao alilirusha kama alivyolirusha tangu alipoota ndevu, bila kufikiri, kwa ukarimu, maana alikuwa na ombi kubwa. Mkono haukuuliza kichwa. Ramu ikaruka, ikang'aa kwenye mwanga wa dirisha, ikatua yote juu ya kisanduku, ikaingia kwenye vile vitundu vidogo.

Taa ya buluu ikawa ya zambarau. Ikawa nyekundu. Ikafa.

Ralaivao alisubiri. Alikipuliza. Akakipangusa kwa mkono wa shati. Akamtazama baba yake ukutani kwa shaka kubwa, kwa sababu marehemu alipenda ramu kuliko ndondi, na huenda hakufurahia kuona imenywewa na mwingine.

"Baba," Volatiana aliita kutoka chumbani kwake, "mbona imekatika?"

"Sijui."

Alitoka amembeba Kanto kwenye taulo. Bakoly naye akateremka. Wakasimama wote watatu mbele ya kimeza, na Bakoly akainama, akanusa.

"Hiki kisanduku kinanuka pombe."

"Kiulize chenyewe," Ralaivao alisema. "Si kinaongea."

Bakoly aliitazama chupa iliyokuwa nyuma ya mgongo wa mumewe, akaitazama kona, akaelewa. Alikaa tu kwenye ngazi, akajifunika uso kwa aproni, na mabega yake yakaanza kutikisika, ikawa haijulikani kama analia au anacheka.

Volatiana hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Ralaivao. Aliingia chumbani kwake, akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo za mtoto, moja moja, vizuri. "Watanipigia sasa hivi," alisema. "Nitawaambia ukweli. Tovo alishapata chumba."

"Sanduku gani la mtu mzima lisiloweza kuvumilia tone moja," Ralaivao alianza.

"Baba, basi."

Ralaivao aliutazama mkono wake uliorusha, kama mkono wa mtu mwingine aliyemkuta mbele ya mita iliyochezewa. Kisha akavuta pumzi, akasema kwa hasira, kana kwamba amedaiwa, "Shuka chini."

"Wapi?"

"Kwangu. Kile cha chini hakijanywa. Kaa kwenye kiti."

Bakoly aliondoa aproni usoni. Kiti kile Tovo alichapwa kwa kukigusa alipokuwa mdogo. Askofu aliwahi kuja akapewa stuli.

"Kwenye kiti chenyewe, Baba?"

"Unataka nikuandikie? Nipe huyo mtoto."

Volatiana aliteremka na kompyuta, akakaa. Simu iliita kabla hajamaliza kuvaa visikilizio. Ralaivao alisimama mlangoni na Kanto begani, akaanza kufanya kazi aliyoizoea, yaani kukagua.

"Habari za asubuhi, Sophie," sauti ilisema kwa Kifaransa cha kunyoosha, ikivuja kwenye visikilizio hadi mlangoni. "Ninakupigia kutoka Paris. Hali ya hewa Lyon ikoje?"

"Mvua kidogo," Volatiana alisema, huku jua likimpiga usoni.

Ralaivao akamnong'oneza Kanto, "Mama yako ni mwongo mzuri sana."

Yule mtu wa Paris alimwambia asome maneno, kisha ahesabu, akanyamaza apime. Katika ukimya huo, nyuma ya mtu huyo wa Paris, jogoo akawika. Ralaivao alisogeza sikio. Alishazunguka nyua zote za mji huu, na majogoo wa mji aliwafahamu kwa sauti. Huyo hakuwa wa Paris; alikuwa wa hapahapa Antananarivo. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Kisha akamwona Volatiana, vidole vyake vimeshika mkono wa kiti mpaka vimekuwa vyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliuona wizi mahali peupe, akaupita kama hakuuona.

"Safi sana," sauti ilisema. "Laini haijatikisika. Umepita. Lakini usihame hapo ulipokaa, tafadhali. Tumesajili mahali hapo."

Volatiana alivua visikilizio. Akajifuta macho kwa kiganja, akamtazama baba mkwe wake aliyekuwa amebaki bila kiti katika nyumba yake mwenyewe.

Dimby aliingia wakati huo kuulizia mtihani, akaambiwa yote, na la ramu pia. Kijana mwenye malezi, hakucheka. Alivua kofia, akasimama katikati ya chumba, akaweka mikono mbele kama msemaji wa harusi.

"Naomba radhi kwa wakubwa," alianza, "mimi ni mdogo, na mdogo hapaswi kusema mahali penye mlima. Lakini leo mlima umeinama. Leo Mzee Ralaivao, ambaye hakuwahi kumwamini mtu mwenye ukuta, ametoa kiti chake, ametoa chumba chake, ameifungulia dunia mlango, ili mjukuu asitoke. Vizazi vitasema. Majirani, ambao nawaona dirishani, watasema. Baba, kwa heshima na unyenyekevu tunakuomba neno lako."

Wote wakamgeukia. Hata majirani dirishani wakanyoosha shingo.

"Mtoto kakojoa," Ralaivao alisema.