Pacha Niliyemuua Nikishona

Sinema za zamani sizipendi, na sitajifanya. Mtu anapigwa risasi, badala ya kufa anaimba. Msichana anakimbia kwenye mvua na sari haimkwamishi hata mara moja. Mimi ni fundi cherehani, najua nguo ndefu ikilowa inavyofanya. Na vilio! Kofi moja tu, ukoo mzima unalia nusu saa.

Basi mama mkwe akahamia kwetu Rwezamenyo na sinema zake za Kihindi kwenye flashi. Alikulia Bujumbura, na alizipenda tangu usichana. Sasa mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akawa anaona vivuli tu. Daktari alisema akipasuliwa ataona tena. Asipopasuliwa, hata vivuli vitapotea. Mama akakataa katakata.

"Kisu kwenye jicho? Haya macho yameona ya kutosha."

Mume wangu akienda kazini Masoro, nilibaki na mama na televisheni. Hapa Kigali filamu za kigeni tumezoea ziwe na mtu wa kuzieleza kwa Kinyarwanda, anaongea juu ya picha na kutia chumvi apendavyo. Za mama hazikuwa na mtu.

"Weye ndiye utaeleza," akaniambia.

Nikaeleza huku nashona sare za shule, macho kwenye sindano.

"Iko nini sasa?"

"Wanapigana, mama."

"Nani na nani?"

"Wa shati jekundu na wa shati jeupe."

"Eh! Hawana wazazi hao?"

Siku moja tuliweka sinema ambayo hata yeye hakuwahi kuiona. Shujaa akachomwa kisu, akatumbukia mtoni. Nikasema, "Amekufa, mama, maji yamemchukua." Mama akalia machozi ya kweli. Akaniambia nizime, na usiku huo hakugusa chakula. Mume wangu akaniuliza nimemfanya nini mama yake.

Kesho yake tukaendelea.

"Nani anaimba?"

"Yeye, mama."

"Yeye nani?"

"Yule aliyekufa."

Lo! Nikasimamisha cherehani, nikatazama kioo cha televisheni vizuri kwa mara ya kwanza. Walikuwa wawili. Pacha! Mmoja tajiri, mmoja dereva, sura ile ile, na mimi muda wote nilidhani ni mtu mmoja mwenye nguo nyingi. Ikabidi niseme.

"Kwa hiyo nani alikufa?" akauliza mama.

"Sijui, mama."

"Na mimi jana nimemlilia nani?"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye hakucheka. Alipiga goti lake kwa kiganja.

"Mpigie mume wako simu. Anipeleke kwa huyo daktari. Bora kisu kuliko mdomo wako."

Nilipiga simu hapo hapo.

Alipotolewa bandeji alinitazama usoni, akasema kumbe nimenenepa. Tulirudi nyumbani tukiimba. Hakutaka hata chai. Alitaka sinema ile ile, tangu mwanzo. Nikamwekea, nikarudi kwenye cherehani yangu, nikijua kazi ya kueleza imekwisha, na moyo ukaniuma kidogo, sijui kwa nini.

"Unakwenda wapi?" akasema mama. Akapiga kiti cha pembeni yake. "Punguza sauti ya hiyo televisheni, ukae hapa, ueleze. Leo nataka kuona unavyodanganya."