Ng'ombe wa Mzee Mashauri Walivyoifuata Pikipiki Yangu

Jamani, mimi nimeitwa mwizi wa ng'ombe.

Ndiyo, mimi. Bibi mzima, wajukuu tele, goti la kushoto linalia kila nikiinuka. Ng'ombe zaidi ya thelathini wamekutwa uani kwangu wanatafuna migomba, na mtoto wa mwenye ng'ombe kasimama mlangoni na fimbo.

Na kweli niliwaleta mimi.

Ila nilikuwa sijui kama nawaleta.

Ngojeni niwape tangu mwanzo.

Naishi Tindiga, huku bondeni kwenye mpunga. Mtaani wananiita Bibi Moshi, na moshi wenyewe si wa jikoni.

Kitendawili!

Semeni tega, msinitegee.

Mwanangu hali chakula mpaka nimchanganyie na mafuta. Akishiba, anaimba huku anatoa moshi nyuma.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimepewa Morogoro, nimekwenda, nimekula, nimerudi. Jibu ni pikipiki ya tustroki. Zile ndogo za Kijapani za zamani, ambazo oili yake inachanganywa humo humo kwenye petroli.

Huo ndio ugonjwa wangu. Wenzangu wanakusanya vitenge, mimi nakusanya vyuma.

Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba. Kazini walimpa Suzuki A100, nyekundu, akanifundishia kwenye vijia vya mashamba ya miwa kule Ruhembe, mimi na ujauzito wa mtoto wa tatu. Watu walimwambia umechanganyikiwa, unampakia mke mjamzito kwenye usukani. Akawajibu, "Huyu anaendesha vizuri kuliko mimi, mimi ndiye ninayemshika kiuno."

Alipotangulia mbele ya haki, pikipiki ilirudi serikalini. Utamu wake ukabaki mkononi kwangu.

Nikaanza kuzitafuta. Nikapata Yamaha mbili za bluu, kisha Kawasaki moja isiyo na taa. Zote nimezifufua na zote zinawaka. Lakini A100 nyekundu niliitafuta miaka na miaka, nisiione.

Mpaka siku Ashrafu aliponipigia.

Ashrafu ni mjukuu wangu wa kwanza, jitu zima lenye ndevu, ana gereji yake Mikumi karibu na stendi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa zaidi. Nimepata A100. Nyekundu."

Simu nusura initoke.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mzee wa skrepa, Kilosa mjini. Ilikuwa inasubiri kukatwa. Anasema kaletewa na kijana wa huko huko kwenu bondeni, kesho yake akamwona juu ya boda mpya, siti bado ina nailoni."

"Mume wangu, asiiguse mtu. Ilalie!"

Tuliitengeneza kiangazi kizima. Nilikuwa napanda gari kwenda Mikumi kila nikipata nafasi. Silinda ikachongwa. Pistoni ikaagizwa Dar. Ringi tulizitafuta mpaka Ashrafu akataka kukata tamaa. Platini, vile vidude vya kutoa cheche, nilizisugua mwenyewe kwa msasa, taratibu, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Ekzosi ilikuwa imejaa masizi, tukaichoma motoni mpaka ikatema yote.

Ashrafu akataka kuibandika stika za simba.

Nikamwambia, "Ukibandika stika, nakupa talaka."

Akacheka, akazirudisha mfukoni.

Basi akaileta Tindiga kwa pikapu, alasiri moja tulivu. Nikaipiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, ikakohoa. Nikapiga tena...

Ng'iiing'! Ng'ing'-ng'ing'-ng'ing'!

Moshi wa bluu ukajaa uani. Jirani yangu Magreti, ambaye mpunga wake umepakana na ua wangu, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi Moshi! Umefufua shetani gani tena?"

"Njoo nikupakie uone peponi!"

"Nina watoto mimi!"

Nikapanda, nikashika njia ya kuelekea Kilangali. Jamani raha. Nilijiona bado nina mimba ya mtoto wa tatu.

Sasa tustroki ina namna yake. Boda za siku hizi unavuta resi moja kwa moja, inakwenda tutututu mpaka ufike. Hii hapana. Hii unavuta, unaachia, ipumue kidogo, halafu unavuta tena. Kwa hiyo inaimba. Inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Nikapita kwenye uwazi mmoja, ng'ombe wanakula majani.

Vichwa vyote vikainuka.

Nikasema labda ni kelele. Nikaendelea. Nikatazama kioo cha pembeni, naona ng'ombe mmoja mkubwa mweupe, pembe moja imepinda, anakuja mbio mkia juu. Nyuma yake kundi zima.

Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikasimama, wakasimama.

Nikapiga honi.

Yule mweupe akanijibu, "Mmmoooo."

Nikamwambia, "Mama, kwenu ni wapi?"

Akasogea akailamba taa ya nyuma.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikageuza kurudi nyumbani, maana mtu akiogopa anakimbilia kwake. Kumbe kosa ndilo hilo. Mimi nilifuata njia. Wao walikata kona kwenye mpunga wa Magreti, wakaibukia uani kwangu kwenye migomba.

Ndipo akatokea huyo kijana mwenye fimbo. Anaitwa Amos, mtoto wa Mzee Mashauri. Hawa ni watani zetu Wasukuma, waliotoka Kanda ya Ziwa na mifugo yao, boma lao liko ng'ambo ya mto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja kukukamata."

"Karibu ukae kwanza, umetoka mbali."

"Sikai! Umewapa dawa gani ng'ombe wetu? Mimi mwaka mzima nikiwaita hawaji, wewe wanakufuata kama vifaranga!"

Kabla sijajibu, Magreti kaingia, kitenge mkononi, mpunga uliovunjika mkono wa pili.

"Amos! Leo hutoki! Msimu uliopita mmenilia, leo tena! Hamjui kuchunga, si muuze mfuge kuku?"

Hapo alisema la moyoni mwa watu wengi. Kwa mwaka ule ng'ombe wa Mzee Mashauri walikuwa wametuchosha. Jioni hawarudi bomani, wanazagaa, asubuhi unakuta shamba limefyekwa. Zamani hawakuwa hivyo. Vijana wa kwetu walishaanza kunoa mapanga yasiyo ya kukatia kuni.

Asubuhi tukaitwa ofisi ya kijiji. Ng'ombe wamezuiwa kwenye zizi la pembeni, sisi barazani. Mwenyekiti wetu Wenceslaus, mtu wa miwani na kikohozi, akasikiliza wote.

Amos akasema dawa iko kwenye moshi wa ile pikipiki.

Magreti akasema yeye dawa haijui, anataka mpunga wake.

Wenceslaus akakohoa. "Mimi naona hivi. Pikipiki ibaki hapa ofisini, ifungwe mnyororo, tupeleke suala hili polisi."

Polisi, jamani! Miaka yote hiyo naitafuta, nimekaa nayo siku moja, leo inakwenda kuozea polisi mvua inainyeshea? Bora wangenifunga mimi.

"Mwenyekiti, mwanangu," nikasema, "kabla ya mnyororo, niruhusu niiwashe. Kama kuna dawa, si mtaiona?"

"Washa."

Ng'iiing'! Vuta, achia. Vuta, achia.

Zizini ikawa balaa. Ng'ombe wote wametoa shingo juu ya miti, wanalia, yule mweupe anasukuma lango kwa kifua. Watu wakaangua kicheko. Hata Magreti akasahau hasira.

Mara tukasikia sauti ya mzee huko barabarani.

"Mwizi! Mwizi wa pikipiki yangu huyooo!"

Ni Mzee Mashauri. Anakuja anachechemea na bakora, mkewe Mama Marciana kamshika mkono.

Nikazima. Nikashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwizi! Hiyo ni pikipiki yangu. Hata nikiwa kipofu naijua kwa sauti."

Basi. Mtoto ananiita mwizi wa ng'ombe, baba ananiita mwizi wa pikipiki. Sasa bado mama tu na yeye aseme nimeiba nini.

Mzee akakalishwa, akaeleza. Kila jioni, miaka na miaka, alikuwa anapakia magadi ya ng'ombe kulamba nyuma ya A100 hii, anazunguka malishoni. Ng'ombe wakisikia ng'ing'-ng'ing', wanajua magadi yanaelekea bomani, wanamfuata wote. Hakuhitaji fimbo. Shamba la mtu halikuguswa.

"Nikaenda Shinyanga kwenye msiba wa dada yangu. Nimerudi, Amos ananiambia, baba, wezi wamebeba pikipiki. Toka siku hiyo ng'ombe hawana wa kuwarudisha."

Macho yote kwangu.

Mimi macho yangu kwa Amos. Na Amos macho yake kwenye boda yake, pale kivulini. Ya kisasa, inang'aa. Mwaka mzima na matope yote haya, siti bado ina nailoni.

Nikakumbuka maneno ya mzee wa skrepa.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini kijana wa watu ukimvua nguo mbele ya baba yake, atazivaa lini?

"Amos," nikasema. "Kitendawili."

Watu wakashangaa. Wenceslaus akakohoa, "Bibi, tuko kwenye kesi."

"Najua. Amos, kitendawili."

Na kitendawili hakikataliwi. Ukitegewa, unategua.

"...Tega, bibi."

"Nimemuuza mama, nikanunua mama wa kambo. Watoto nikiwaita, hawaji."

 Amos akautazama mchanga. 

"Nimeshindwa, bibi. Chukua mji."

"Mji sitaki. Jibu unalo. Mpe baba yako."

Kijana akapiga magoti, mbele ya watu wote.

"Baba, haikuibiwa. Niliiuza mimi, nikaongezea hela nikanunua boda. Wenzangu walikuwa wananicheka, wananiita Moshi-Moshi. Nikaona ni chuma tu. Sikujua kama ng'ombe wanaisikiliza."

Mama Marciana akashika kichwa. "Yesu wangu! Na mimi nimezunguka kwenye maombi mwaka mzima, nawaombea ng'ombe waliorogwa!"

Kicheko kikapasuka, mpaka Wenceslaus akavua miwani afute machozi.

Mzee Mashauri peke yake hakucheka. Akasema taratibu, "Mimi sijafa umeanza kujigawia urithi." Akachora mchangani kwa bakora. "Lakini na mimi sikukwambia. Nilidhani unaona."

Kuhusu mpunga, mwenyekiti alikata vizuri: Amos atamlimia Magreti shamba zima msimu ujao, kwa ng'ombe wale wale.

Ikabaki pikipiki.

"Bibi ameinunua kwa haki," Wenceslaus akasema. "Ila sasa... mh."

Akapangusa miwani.  Wote tulijua: bila ile sauti, ng'ombe watarudi kwenye mpunga, na yale mapanga yatapata kazi.

Nikaitazama A100 yangu. Nikapapasa tenki. Nikachomoa ufunguo, nikamwekea mzee kiganjani.

"Mtani, chukua chuma chako."

Msidhani nilikuwa malaika. Roho iliniuma mpaka kwenye kucha.

Mzee akainuka, akapanda. Akaweka mguu kwenye kiki. Akasukuma. Kiki ikagoma. Akasukuma tena, ikabidi Mama Marciana amdake.

"Umri," akasema, anacheka kwa aibu. "Amos, panda wewe."

Lango likafunguliwa. Amos akapiga kiki, ikawaka. Akavuta resi yote kama yuko kwenye boda, waaaaaaa! Akaondoka na vumbi.

Ng'ombe hata mmoja hakunyanyua mguu.

Akarudi, akapita tena. Waaaaaaa! Walimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Vuta, uachie!" nikampigia kelele. "Iache ipumue!"

"Navuta bibi!"

"Unakaba! Hiyo si koo la jogoo!"

Safari ya tatu plagi ikalowa, ikazima, akaisukuma mpaka barazani, kijana kalowa jasho.

Mzee Mashauri akanigeukia. "Mtani. Panda wewe."

Nikasafisha plagi, nikafunga kanga kiunoni, nikapanda. Vuta, achia. Vuta, achia.

Yule mweupe akatoka wa kwanza, masikio mbele. Wengine wakajipanga nyuma yake, wakanifuata njia nzima mpaka bomani, jani la mpunga wa mtu hawakuligusa. Mama Marciana alikuwa ananifuata nyuma anapiga vigelegele.

Mzee naye alipofika, akachomoa ufunguo akaniwekea kiganjani.

"Ng'ombe wameshahukumu," akasema. "Mimi ni nani nikate rufaa?"

Kwa hiyo wajukuu zangu, chuma kiko bandani kwangu mpaka leo. Na mimi, Msagara wa watu, nimekuwa mchungaji wa Wasukuma. Kila jioni nawarudisha. Maziwa sinunui. Amos anakuja kujifunza. Mpaka sasa amefaulu kuchanganya oili tu, resi bado anakaba.

Funzo? Kitu cha mzazi wako, hata kama kinatoa moshi na wenzako wanakicheka, kabla hujakiuza kaa naye umuulize kinafanya kazi gani.

Na ninyi wazee wenzangu, msisubiri kuulizwa. Semeni mngali na pumzi.

Haya niacheni, jua limeshuka. Ng'ombe wenyewe watakuwa wametega masikio.