Siku Tuliyotoa Viti Nje

Filamu tuliyoonyesha siku ile niliiona kwanza Chuo Kikuu cha Kyambogo, katika darasa la kuazima, nikiwa na wenzangu wa kundi letu la waandishi. Haikuwa na mlipuko hata mmoja. Mwanamke anaishi kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima, nchi ya baridi. Mume wake yuko vitani. Yeye anakamua mbuzi, anaziba paa, anamenya viazi. Vita vyenyewe hatuvioni kamwe. Karibu na mwisho, wanaume wawili waliovaa sare wanapanda kilima, wanabisha mlango, na mwanamke haendi kufungua. Anaendelea kumenya viazi. Kamera inabaki naye ndani, mpaka mtazamaji anatamani kupiga kelele. Kisha anajifuta mikono, anafungua, mwanga unajaa mlangoni, na filamu inakwisha kabla hatujasikia neno.

Wenzangu walibishana kuhusu ule mwanga: ulikuwa kifo, ulikuwa uhuru, ulikuwa Mungu. Nilikuwa nimesahau kwamba sinema inaweza kukushika koo hivyo bila kukugusa.

Nimekulia Makindye, chini kidogo ya kambi ya jeshi, binti wa sajini aliyetoka kaskazini. Utotoni mwangu filamu ilikuwa kibanda cha video: mabenchi, joto, na vijei na kipaza sauti chake, yule mtu anayetafsiri filamu papo hapo, huku akiitia chumvi mpaka jenerali wa Kichina anauliza bei ya matooke. Nilimpenda. Lakini kila filamu ya vita ilikwenda na mwanaume. Mke alipewa kituo cha treni, kitambaa cha kupunga na machozi, basi. Treni ikiondoka, naye anaondoka kwenye hadithi. Nyumbani kwetu ilikuwa kinyume. Mwanaume ndiye aliyetoka kwenye hadithi, na wanawake ndio waliobaki ndani yake, na hakuna aliyewahi kuwapiga picha.

Ndiyo sababu nilitaka waione ile filamu. Mama yangu, majirani zake, wake wa askari, mshonaji Mkongo mwenye kibanda chake mbele ya nyumba yetu. Na zaidi ya wote, dada yangu mkubwa.

Mume wa dada alikuwa ametumwa nchi nyingine kulinda amani. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipiga simu. Kisha Jumapili moja hakupiga, na iliyofuata hakupiga. Ujumbe ambao dada alimtumia kwa simu ulibaki na tiki moja ya kijivu, haiongezeki, yaani haujamfikia. Redioni ilisemwa kwamba kambi fulani ilishambuliwa, halafu haikusemwa tena. Dada aliuliza ofisi ya jeshi, akaambiwa asubiri. Baada ya hapo hakuuliza mtu. Alifua, alipika, aliwasugua watoto shingo kila asubuhi kana kwamba wanakwenda kukaguliwa. Ukitaja jina la mumewe alikujibu kuhusu bei ya sabuni.

Hapa kwetu habari ya namna ile haiji kwa simu. Kwanza wanaijua wengine. Anaitwa jirani, anaitwa mchungaji, anaitwa mama mzazi. Kisha unaitwa wewe, kwa kisingizio kidogo: njoo nyumbani mara moja, mtoto ana joto, mama anakutaka. Unafika na kukuta watu. Hakuna anayekutazama machoni. Mwanamke mmoja mwenye nguvu anakaa karibu yako, ili ukianguka akudake. Kila mke wa askari anaujua mpango huu kama anavyoijua njia ya sokoni, na mimi pia niliujua.

Jumamosi ile niliazima projekta. Mama alikwenda kununua unga wa mandazi. Mimi na mshonaji tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaziba madirisha kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Sebule yetu ni ndogo, na makochi ya mama ni makubwa kama ng'ombe waliolala. Tukayatoa nje uani, moja moja, na viti vya mbao, na meza, tukatandika mikeka sakafuni. Wanawake walianza kuingia wakivua viatu mlangoni.

Nikampigia dada. Nilikuwa na furaha, nilitaka kumshangaza.

"Dada, njoo nyumbani sasa hivi. Watu wameshafika."

"Watu gani?"

"Wewe njoo tu. Utaona."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa. Njoo."

Alikata simu bila kuaga. Nilidhani anawafungia watoto viatu.

Alikuja peke yake, kwa bodaboda, na begi la nguo begani. Nilikuwa nimeinamia kompyuta, nikihangaika na waya wa spika, kwa hiyo niliona miguu yake tu ikisimama kizingitini. Ilisimama kwa muda. Mama alimwambia, "Ingia, mwanangu, kaa." Mke wa koplo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alijisogeza na kupigapiga mkeka kando yake. Dada aliketi. Begi aliliweka mapajani akalikumbatia.

Nikawasha filamu na kuchukua kipaza sauti.

Vijei wa mtaani hutafsiri kwa Kiganda. Mimi niliahidi Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachounganisha sebule ya namna ile, Waacholi, Walugbara, Wateso na Wakongo, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mbuzi alimpiga yule mwanamke teke, na mke wa koplo akasema, "Huyo mbuzi ni wa jeshi kabisa, anapiga bila amri!" Wakacheka. Mshonaji alilikagua koti la mwanamke wa kwenye filamu akatangaza kwamba mshono wa bega ni mbaya. "Miye ningeshona hii na macho yote mbili yamefunga."

Dada hakucheka. Kila watu walipocheka alimtazama aliyecheka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma mabango barabarani akitafuta njia. Nilidhani amechoka. Mke wa koplo akamwekea mkono mgongoni, kwa upendo tu, na nikaona mgongo wa dada ukikakamaa kama ubao.

Hapo nilianza kupoteza maneno. Nilitafsiri sentensi moja mara mbili. Wanaume wawili wa filamu walikuwa wameshaanza kupanda kilima, wadogo bado, kofia zao zikionekana juu ya majani, na chumba kizima kiliacha kutafuna. Hakuna aliyehitaji mtafsiri. Mama alijivuta kwa magoti hadi ubavuni mwa dada, naye akamshika mkono, kwa sababu yeye pia alikuwa ameelewa filamu inakokwenda na alitaka kumkinga binti yake.

Jirani mwenye nguvu upande mmoja. Mama mzazi upande wa pili. Madirisha yenye mablanketi. Watu kwenye mikeka. Niliyaona yote kwa pamoja kutoka pale mbele, mwanga wa projekta ukinipiga usoni, na bado sikujua kinachoniogopesha ni nini.

Wanaume wakabisha mlango. Mwanamke akachukua kiazi kingine.

Dada alisimama. Begi lilianguka.

"Semeni basi," alisema.

Kivuli chake kilikuwa kimefunika nusu ya shuka.

"Nani amepewa kuniambia? Mama, ni wewe? Sema. Msinipitishe kwenye sinema kama mtoto mdogo. Sema amekufa, niketi chini, nilie."

Nikasimamisha filamu. Mkono wa yule mwanamke uliganda hewani, kisu kikiwa nusu ya kiazi.

"Hakuna neno, mwanangu," mama alisema. "Ni sinema tu. Dada yako alitaka tuone sinema."

"Ndivyo mlivyomwambia mke wa yule askari wa signali, wa redio. Hakuna neno, ni chai tu. Nilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyekaa karibu yake."

"Haki ya Mungu hakuna habari."

"Usiape!"

Mshonaji alianza kulia taratibu, na kilio chake kilikuwa kibaya kuliko yote, kwa sababu kilimthibitishia dada kila kitu. Nami nilisimama na kipaza sauti mkononi, mwandishi, mtu wa maneno, na nikatambua kwamba hakuna sentensi ya Kiswahili, Kiacholi wala Kiingereza ambayo ingeweza kuaminika chumbani mle. Kila neno la kumtuliza lilikuwa limeshatumika msibani. Tulisema hapana, na hapana yetu ilisikika kama ndiyo. Na uhakika hatukuwa nao hata sisi. Kama angetuuliza mumewe ni mzima, tungejibu nini?

"Kwa nini basi," dada alisema, na sauti yake ikashuka, "kwa nini viti viko nje?"

Mama aligeuka kuutazama mlango. Alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni na unga wake, hakupita uani, na sebuleni alikuta giza na watu wameshajaa. Sasa aliyaona makochi yake juani, yamepangwa ukutani, na meza imesimama pembeni. Kwetu, na kwa watu wengi wa mji huu, sebule hufunguliwa hivyo kwa sababu moja. Viti hutoka ili maiti apate nafasi ya kulala katikati, na wanawake wapate nafasi ya kuketi chini wamzunguke. Mtoto anayetoka shule akikuta makochi nje huanza kukimbia.

"Banange, jamani," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nani ametoa viti?"

"Mimi," nilisema. "Ili watu waenee."

Mama hakunigombeza wala hakuapa tena. Alijifunga leso kiunoni, akatoka nje, akalishika kochi kubwa peke yake na kuanza kulivuta. Miguu ya kochi ilikwaruza saruji. Mke wa koplo akamfuata: "Afande mama, ngoja, utavunja mgongo, hiyo kiti ni tani moja!" Kisha wote wakainuka. Waliyaingiza makochi wakipiga kelele, inua huku, shusha huko, kidole changu, wewe sukuma, vivuli vya viti vikipita juu ya shuka, juu ya mwanamke na kiazi chake. Mikeka ilikunjwa. Mmoja alivuta blanketi la dirishani, jua likaingia, picha ikapauka lakini haikupotea. Meza ilirudi. Mama akaweka juu yake sahani ya mandazi, na kitambaa chake cha kufuma, na maua ya plastiki, kila kitu mahali pake, akinyoosha kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

Dada alikuwa bado amesimama, ameegemea ukuta. Alitazama kila kiti kikiingia. Kochi la mwisho lilipotua, aliketi juu yake kwa uzito, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Hakulia. Alipumua kwa mdomo.

"Tuweke nyingine," nilimwambia. "Ninayo ya kuchekesha."

"Washa hiyo."

"Dada..."

"Washa, nimesema. Umemwacha mwenzetu anabishiwa mlango, halafu unatafuta ya kuchekesha?"

Nikawasha. Mwanamke akamaliza kiazi. Hodi ikapigwa tena. Sikutia neno. Jua la alasiri lilikuwa limeufanya uso wake uonekane kwa shida, na wanawake walisogeza shingo mbele wote kwa pamoja.

"Labda wanauliza njia ya Luzira," mke wa koplo alinong'ona, akimaanisha gereza.

Kicheko kilimtoka dada bila kumwomba ruhusa, kifupi, kama kikohozi, kisha kikawa kirefu, na wote tukacheka, mshonaji akicheka na machozi bado yamelowesha kidevu, huku kwenye shuka yule mwanamke akijifuta mikono na kuuendea mlango. Akaufungua. Mwanga ukajaa. Jina la mwongozaji likapanda.

"Walisema nini?" dada aliniuliza.

"Filamu haisemi."

"Na wewe mwandishi hujui?"

"Sijui."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akilikubali jibu hilo kuliko yote aliyoambiwa siku ile.

Shemeji alipiga simu katikati ya wiki iliyofuata. Walikuwa wamehamishiwa mahali pasipo na mtandao, na jambo la kwanza alilolalamikia ni maharage. Dada alimtukana mpaka salio likaisha, kisha akaja kwetu kutusimulia matusi yote. Lakini Jumamosi ile hatukujua hilo. Dada alipoondoka, tiki ilikuwa bado moja.

Nilimsindikiza uani na begi lake. Lilikuwa zito, na zipu ilikuwa imefunguka kidogo lilipoanguka. Niliona nguo zake za kuketi msibani, zimekunjwa vizuri, na sabuni mpya. Alinipokonya akaliweka begani.

Karibu na bomba la maji alisimama. Kigoda kidogo ambacho mama hukalia akifua kilikuwa pale nje, kimelala ubavu. Huwa kinakaa hapo siku zote. Dada alikiokota, akarudi nacho hadi mlangoni, akakiingiza ndani pamoja na viti vingine, ndipo akaenda kutafuta bodaboda.